Fisi na Radhi za Watu

Mwaka huo mvua za vuli hazikufika bonde la Nangoro. Mawingu yalikuja, yakakaa juu ya kilima siku mbili, kisha yakaenda zao kwa majirani. Nyasi zikageuka rangi ya manyoya ya simba. Simba mwenyewe alilichukulia jambo hilo kuwa heshima. Wengine wote waliona ni njaa.

Maji yaliyobaki yalikuwa ya chemchemi moja tu, chini ya kilima, nayo ilikuwa imepungua sana. Twiga mmoja akiinama kunywa, aliyefuata ilimbidi asubiri ijae tena. Wanyama walipanga foleni tangu asubuhi, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Sungura alikuwa wa mwisho, na kila zamu yake ilipofika alikuta tope.

Chemchemi hiyo ilikuwa na mila yake. Mtunzaji wa mila alikuwa Bi Nungunungu, bibi mfupi mwenye miiba mirefu na maneno machache. Siku moja alipanda juu ya kichuguu akatangaza:

"Keshokutwa asubuhi ni Siku ya Radhi. Tumeiacha miaka mitatu kwa sababu mvua zilikuwa nzuri na tukajiona hatuna shida na mtu. Kila mmoja aje."

Mila yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mnyama alisimama mbele ya chemchemi na kusema kwa kinywa chake alichoitendea ardhi tangu radhi iliyopita. Bi Nungunungu alimpaka tope la chemchemi, donge moja kwa kila kosa. Mwenye tope alikwenda kutengeneza alichoharibu, na hakuruhusiwa kunawa wala kugusa nyama mpaka amalize. Akishanawa, yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyeruhusiwa kumsema tena.

Kueleza ni rahisi, kweli. Kufanya ndiko kulikomkosesha Simba usingizi wake wa mchana.

Simba alikuwa na lake. Pembeni mwa chemchemi, pale maji yanapotokea, paliota matete mabichi, na Simba alikuwa ameyafanya kitanda. Aliyalalia kila siku mpaka yakalala moja kwa moja yasiinuke tena, na mizizi yake ikaoza. Ndovu naye alikuwa ameng'oa mikuyu yote ya mteremkoni, ile iliyokuwa ikiitia chemchemi kivuli, na mingi kati ya hiyo hakuila. Aliing'oa kwa kujikuna tu. Na Ngiri alikuwa amechimbachimba ukingo akitafuta mizizi, hadi ukingo ukaporomokea majini.

Watatu hao walikutana chini ya mwamba wa Simba kushauriana.

"Mimi nipakwe tope," alisema Simba, "mbele ya Ngiri?"

"Nipo hapa, mtukufu," alisema Ngiri.

"Ndiyo maana nauliza."

Ndovu alishusha pumzi ndefu, vumbi likaruka. "Mimi nikianza tu kusema nitalia. Najijua. Nikilia hadharani, nyani watanicheka mwaka mzima."

Nyuma ya mwamba huo alikuwepo Fisi, akitafuna ukwato mkavu ambao ulikwisha ladha tangu juzi. Aliposikia maneno hayo aliutema, akajifuta mdomo, akatokeza.

"Wazee wangu, msijitese bure," alisema. "Mimi nitawaombea radhi. Mdomo ninao, na aibu sina."

Wakatazamana.

"Na tope?" aliuliza Simba.

"Donge la tope kitu gani? Nitanawa."

Ndovu alifungua kinywa ili amweleze habari za kunawa. Simba akamkanyaga mguu. Ndovu hakusikia uzito wowote, lakini alielewa, akanyamaza.

Fisi hakuwa amewahi kuiona Siku ya Radhi kwa macho yake. Kila mwaka alifika ikiwa imekwisha, wakati wa karamu, na kwa hiyo alichokijua cha mila ile ni mlo. Alijipangia ujira wake. Simba amwachie mapaja ya kila atakachowinda hadi mvua zinyeshe. Ndovu amwonyeshe mahali alipofia nyati kwa kiu, kule nyuma ya kilima. Ngiri akasema yeye hana kitu.

"Wewe," alisema Fisi, akimtazama mbavu, "tutakuja kuzungumza."

Kesho yake Sungura alimkuta Fisi njiani, amesimama mbele ya kichaka, akifanya mazoezi.

"Mimi, mjumbe wa mtukufu Simba," Fisi alikuwa akikiambia kichaka, "nimetumwa kuja kusema kwamba mtukufu huyo..."

"Kaka Fisi," alisema Sungura, "unaongea na nani?"

Fisi alikuwa anajivunia kazi yake mpya, akamweleza yote bila kuficha. Sungura akasikiliza, masikio wima. Akaona wazi mambo yatakavyokwenda. Fisi atasema, hao watatu watabaki kivulini, na hakuna jiwe wala mti utakaorudishwa mahali pake. Yeye Sungura ataendelea kunywa tope mpaka na tope nalo liishe.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila maneno yako yana kasoro. Ukisimama pale ukataja jina la mtu, hiyo si radhi, ni umbea. Bi Nungunungu atakukatiza kabla hujafika katikati, nawe utakosa mapaja yako."

Fisi akashtuka. "Sasa nisemeje?"

"Sema 'mimi'. Mimi nilifanya hivi, mimi nilifanya vile. Ndiyo mila. Muulize yeyote."

"Mimi," alijaribu Fisi. "Mimi. Mbona ni fupi kuliko nilivyotunga?"

"Fupi na tamu," alisema Sungura, akaenda zake.

Siku ya Radhi ilipofika, bonde zima lilikusanyika. Simba, Ndovu na Ngiri walikaa mbali kidogo chini ya mgunga, kama wapita njia waliosimama kupumzika. Bi Nungunungu alisimama penye maji, miguu topeni.

Sungura alitangulia. Alichagua kosa dogo kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Mimi nilikojoa njiani," alisema.

"Na miche ya mkuyu iliyokatwa sawasawa chini, kwa meno mawili?" aliuliza Bi Nungunungu.

Sungura akakuna sikio. "Na hiyo pia."

Akapakwa madonge mawili, akakaa pembeni bila kuwatazama wenzake.

Ndipo Fisi akajitokeza. Alikuwa amejilamba manyoya, na alitembea taratibu kama bwana harusi. Akainamia maji, akainamia umati, kisha akaanza.

"Mimi," alisema, "ndiye niliyeng'oa mikuyu kumi na saba ya mteremkoni."

Wanyama wakanong'onezana. Fisi hajawahi kung'oa hata kisiki. Bi Nungunungu hakuuliza kitu. Alichota tope, akampaka donge la kwanza katika paji la uso.

"Mimi ndiye niliyechimba ukingo kwa pua yangu."

Donge la pili. Chini ya mgunga, Ngiri alijishika pua.

Fisi akaona jinsi wote walivyonyamaza kumsikiliza. Hakuwa amewahi kusikilizwa na watu wengi hivyo katika maisha yake, na jambo hilo lilimlewesha. Nyani akamrushia kipande cha ngozi kavu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Niwekee na yangu, kaka. Nilivunja viota vya kwarara." Fisi akakidaka, akakimeza, akasema, "Mimi nilivunja viota." Mbweha naye akaleta mfupa. Kisha wengine wakaja, mmoja na ukwato, mwingine na mkia, na Fisi akapokea kila kitu na kukiri kila kitu. Paji lilipojaa, Bi Nungunungu akahamia masikioni. Masikio yalipojaa, shingoni. Akampaka mgongo, akampaka mbavu.

La Simba aliliweka mwisho, kwa kuwa ndilo lenye mapaja.

"Na mimi," alisema, akitandaza sauti, "ndiye niliyelalia matete hadi yakafa, kwa sababu ni laini na yanafaa hadhi yangu."

Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu pasipo tope. Bi Nungunungu akampaka donge hilo tayani, likamzunguka mdomo wote.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, bibi. Karamu ni wapi?"

"Karamu ni baada ya kazi. Anza na miti. Mikuyu kumi na saba."

Fisi akageuka nyuma kuona anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Nani aanze?"

"Aliyesema."

"Lakini mimi nilitumwa."

"Nani alikutuma?"

Fisi akatazama chini ya mgunga. Simba alikuwa akichunguza mbingu kwa makini, ingawa hapakuwa na wingu hata moja. Ngiri alikuwa amejificha nyuma ya mguu wa Ndovu, na Ndovu alikuwa amefumba macho. Kumtaja Simba mbele ya bonde zima ni kitu ambacho hata Fisi alikuwa na akili ya kutokukifanya. 

"Basi nitanawa kwanza," alisema, akasogelea maji.

Bi Nungunungu akasimamisha miiba yake yote kwa pamoja. Ilitoa sauti kama ya matete yanayopigwa na upepo. Fisi akarudi nyuma hatua tatu.

Wengine wangeanza kazi. Fisi alienda kwa nyati. Alipanda kilima mbio jua likiwa kichwani, na tope la chemchemi ile lilikuwa la mfinyanzi, la kufinyangia vyungu. Kufika juu lilikuwa limekauka. Kufika upande wa pili lilikuwa limegeuka gamba.

Nyati alikuwepo, mzima, hajaguswa. Tai mmoja alikuwa ametua juu yake.

"Karibu, Bwana Fisi," alisema Tai. "Mbona leo umefanana na kichuguu?"

Fisi akataka kufungua kinywa ili ajibu na ale kwa mara moja. Hakikufunguka. Taya zilikuwa zimefungwa na gamba, zimebaki na mwanya wa upana wa kidole. Akasukuma pua kwenye nyama, akaweza kulamba tu.

"Mmm," alisema Fisi.

"Umefunga?" aliuliza Tai kwa adabu. "Basi samahani, sikujua. Sitakula mbele yako." Akageuka upande wa pili wa nyati, akaanza kula huko.

Fisi alizunguka nyati yule mpaka jua likaanza kushuka. Alijisugua kwenye mwamba, gamba likang'ara. Alitafuta dimbwi popote la kulowesha taya, lakini mwaka huo hapakuwa na dimbwi. Maji ya kulainisha tope lile yalikuwa mahali pamoja, na yalikuwa na mlinzi mwenye miiba.

Akarudi.

"Umechelewa," alisema Bi Nungunungu. "Kata matawi ya mkuyu ule uliobaki bondeni, chomeka ardhini, shindilia."

Fisi akakata, akachomeka, akashindilia. Siku ya kwanza alipanda matawi sita. Bibi akapita akiyakagua.

"Mti una juu na chini, mwanangu. Haya yote umeyapanda kichwa chini."

Akaanza upya. Alikunywa kwa kufyonza kupitia ule mwanya, na alikula kuyu zilizoiva, moja moja, akizisukuma ndani kwa kucha. Tumbo lake halikuwa limezoea matunda, na wote waliofanya kazi jirani walipata habari zake. Akishamaliza kupanda alikwenda kuhamisha udongo wa ukingo kwa miguu ya nyuma. Kila alipoondoa kidogo, mwingi uliporomoka.

Siku ya tatu Ndovu alikuja kunywa. Alimkuta Fisi amekumbatia tawi kubwa la mkuyu, analisimamisha, linamwangukia, analisimamisha tena. Halikuwa na sauti jambo hilo, maana Fisi hakuweza hata kulalamika. Ndovu alitazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili. Mara ya tatu tawi lilipoanguka, machozi yakamtoka.

"Lete hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyeing'oa."

Nyani walicheka, ni kweli. Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka viota, wakaacha. Bi Nungunungu alichomoa mwiba mmoja, akabandua donge la kwanza kutoka kwenye paji la Fisi, akalilowesha, akambandika Ndovu. Kabla ya mchana kuisha, mikuyu kumi na saba ilikuwa imesimama, juu ikiwa juu na chini ikiwa chini.

Ngiri alikuja bila kuitwa, akasema lake kwa haraka, akaingia kwenye ukingo na pua yake. Nyani akafuata, na Mbweha, na wenye kwato na mikia. Fisi akawa anabanduliwa kipande kwa kipande kama ndizi. Lilibaki donge moja, la mdomoni.

Mwenye donge hilo alikuwa bado chini ya mgunga, siku ya nne sasa, akijifanya mpita njia. Sungura alikwisha kupanda miche yake na kunawa. Akaenda kukaa karibu naye.

"Ni ajabu, mtukufu," alisema. "Wanamsifu Ndovu huko. Wanasema kosa lake ndilo kubwa kuliko yote katika bonde hili."

Simba akainua kichwa. "Kubwa kuliko yote?"

"Ndivyo wanavyosema. Miti kumi na saba. Wanasema wengine wetu ni makosa ya rejareja tu."

"Mimi nimeua matete yote ya Nangoro," alisema Simba. "Yote. Peke yangu. Nimelala tu."

"Sikatai, mtukufu. Ila hawajui."

Simba alisimama, akajikung'uta, akashuka hadi penye maji. Umati ukampisha.

"Sisi," alianza, "tulilalia matete."

"Nyie nani?" aliuliza Bi Nungunungu.

Simba akatazama huku na huku. "Mimi," alisema, na neno hilo lilimtoka dogo kuliko alivyotarajia.

Bibi akalibandua donge la mdomoni kwa Fisi, akampaka nalo Simba katikati ya paji. Ngiri alisimama hatua mbili tu kutoka hapo. Alitazama chini, na hilo Simba alilikumbuka kwa muda mrefu kama wema.

Fisi alifungua kinywa. Akakifunga, akakifungua tena, akahakikisha. "Basi mimi nimemaliza," alisema. "Nina shughuli nyuma ya kilima."

"Bado lako," alisema Bi Nungunungu. "Umesema ya watu wote. Lako hujalisema."

"Mimi sina. Mimi sili majani wala sing'oi miti. Mimi ni mtu wa nyama."

Wakati huo Simba alikuwa akivuta mizizi iliyooza ya matete ili apande mipya, na Ngiri alikuwa akimfungulia njia chini yake. Ngiri akanusa.

"Kaka Ngiri," alisema Fisi haraka, "hapo pametosha. Chimba kule."

Kila mtu akamgeukia Fisi. Ngiri hakwenda kule. Alichimba palepale kwa nguvu zaidi, na pua yake ikagonga pembe. Ndovu akaingiza mkonga, akavuta. Likatoka fuvu la nyati. Likafuatwa na mbavu, ngozi zilizokunjwa, na mguu mzima wa kongoni. Jicho lenyewe la chemchemi, pale maji yanapochomoza, lilikuwa limezibwa kwa akiba ya miaka miwili.

Simba aliutazama mguu ule. "Kongoni huyu nilimtafuta siku mbili," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni vya nani. Tumbo la Fisi lilikuwa likinguruma, na lilisikika hadi chini ya mgunga. Alitazama akiba yake, akatazama umati. Palikuwa na akina mama swala waliokuja na watoto wasiokuwa na nguvu ya kusimama. Alipoificha mifupa yake pale hakuwa amefikiria maji. Alifikiria tu kwamba ni mahali baridi, nyama haitaharibika upesi, na Simba akiwa amelala juu yake hatajua.

"Mimi," alisema Fisi.

"Nani amekutuma?" aliuliza Bi Nungunungu.

"Hakuna, bibi. Nilijituma."

Akampaka donge moja tu, akamwacha mdomo wazi. Kazi yake ikawa hii: abebe kila mfupa, kwa meno yake, autoe nje ya bonde na kuuzika, bila kuutafuna. Walioona wanasema hajawahi kuonekana mnyama aliyefanya kazi ngumu kama ile. Alibeba paja la kongoni mdomoni kutoka chemchemini hadi mpakani, mate yakimtiririka njia nzima, na alilifikisha likiwa zima. Simba, tope katika paji na kuyu mkononi, alimtazama akipita, kwa mara ya kwanza akamwonea huruma kwa kuwa alielewa.

Mfupa wa mwisho ulipotoka, maji hayakuruka juu wala kunguruma. Yalianza kujaa polepole, yakafika kwenye matete mapya, yakayapita, yakatafuta njia yao ya zamani ya kwenda bondeni. Sungura alikunywa akiwa wa mwisho kama kawaida, na safari hii alikunywa maji.

Wakanawa mmoja mmoja. Kwenye karamu Ndovu alimuuliza Bi Nungunungu kama sasa mvua itanyesha.

"Sijui," alisema. "Hatukuiomba mvua. Tumeomba radhi. Mvua ina mambo yake."

Ilinyesha baada ya wiki tatu, ilipotaka yenyewe, ikaikuta mikuyu imeshika na ukingo umesimama. Na wanyama wa Nangoro wakaelewa kwamba unaweza kumlipa mtu akusemee kila kitu mbele ya ardhi, lakini ulichokiharibu kitakungoja wewe mwenyewe na mikono yako.

Ndivyo yalivyokuwa. Mwaka uliofuata, asubuhi ya Siku ya Radhi, Mbweha alikuja na ujumbe kutoka kwa Simba. Mtukufu ameamka na maumivu ya kiuno, hawezi kushuka, naye anauliza kama kuna mtu mwenye mdomo mzuri anayeweza kumsemea. Malipo ni mapaja mawili.

Umati wote ukamtazama Fisi. Fisi aliwaza yale mapaja mawili, aliyawaza kwa kweli, hata macho yakamlegea. Kisha akajipapasa taya.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Tope lipo la kutosha."